Viungo vinauma miezi na miezi? Anza kutafuta chanzo kwa daftari, dawa baadaye

Kama leo asubuhi umeinuka kitandani kwa kushika ukuta, haya nayaandika kwa ajili yako. Mi nashona nguo, nakaa Makorora hapa Tanga mjini, na nyumbani kwetu kwa kama miaka mitatu tulikuwa watu watatu wenye kauli moja kila siku, "viungo vinaniuma". Mama yangu, mjomba, na mimi. Wote tukinunua dawa ile ile ya maumivu kwenye duka lile lile, na majirani wakitwambia ni baridi hiyo, upepo wa bahari huo, jipakeni mafuta ya mkaratusi mlale. Kumbe mama ana ugonjwa wake, mjomba ana wake tofauti kabisa, na mimi magoti yangu yalikuwa yanaumizwa na siti ya baiskeli. Watu watatu, vyanzo vitatu, dawa moja, tungeponaje?

Mi sio daktari. Nimezunguka na mama zahanati, kituo cha afya mpaka hospitali ya rufaa, nimekaa kwenye mabenchi, nimeuliza maswali mpaka nikaonekana msumbufu, na haya ndo niliyoyaona yanasaidia kukufikisha kwenye chanzo badala ya kuzunguka na vidonge.

Maumivu yakipita miezi mitatu yanaitwa sugu. Hayo sio ya waja leo waondoka leo kama tunavosema wenyewe Tanga, hayo yamehamia, na mgeni akihamia kwako lazima umjue jina lake na kwao ni wapi. "Maumivu ya viungo" sio jina la ugonjwa, ni kama kusema "nina homa", homa ya nini? Ukishalielewa hilo utaacha kuuliza "dawa ya viungo ni ipi" maana swali hilo halina jibu.

Kabla sijafika kwenye daftari, kuna hali ambazo hazingoji daftari wala kesho, nenda hospitali leo hii. Kiungo kimoja kimevimba ghafla, cha moto, hukigusi, na una homa, hapo inawezekana kuna usaha ndani na kiungo kinaweza kuharibika ndani ya siku chache tu. Mgongo unauma na miguu imeanza kuishiwa nguvu, au umekufa ganzi sehemu za siri na makalioni, au mkojo na choo huvitawali tena. Maumivu ya mgongo pamoja na kukonda, jasho la usiku au homa za jioni, hasa kama kuna sehemu moja ya uti wa mgongo imeanza kutokeza, maana kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake, kinaingia hata kwenye pingili za mgongo. Mtu aliyewahi kuugua saratani akaanza kuumwa mfupa. Mtoto anayechechemea. Mtu aliyeanguka. Hao wote wasikandwe, wasichuliwe, wapelekwe.

Sasa daftari. Chukua la shilingi mia tano, la kawaida, andika wiki mbili mfululizo. Najua unaona ni kitu kidogo lakini ndicho kilichomfungulia mama njia kuliko hela zote tulizotumia. Maumivu yana saa zake, yana mahali pake, yana vitu yanavyovipenda na yanavyovichukia, na wewe ukiulizwa ghafla mbele ya daktari utasema "mwili wote unauma daktari, muda wote", kwa sababu umechoka na hukumbuki. Mama alikuwa anajibu hivo hivo.

Nilikuwa nambandikia maswali: umeamka saa ngapi, umekaza mpaka saa ngapi, viungo gani hasa (kidole gani, mkono upi), kuna uvimbe, kuna moto ukigusa, umefanya kazi gani jana, umekula nini, umelala vipi, umemeza nini. Hizi hapa siku tatu za kwake kama zilivyo:

Jumatatu. Kaamka alfajiri kuswali, vidole vya mikono yote miwili vimevimba, hawezi kufumba ngumi mpaka saa 3. Kifundo cha mkono wa kulia cha moto. Mchana nafuu. Hajameza dawa.

Jumanne. Vile vile. Pete haitoki. Kaomba nazi zikunwe mchana.

Jumatano. Usiku kameza diklofenaki moja. Asubuhi kakaza mpaka saa 2 tu. Tumbo linamuwaka.

Angalia hapo Jumanne, "kaomba nazi zikunwe mchana". Mama maisha yake yote anakuna nazi asubuhi, anakaa kwenye mbuzi mlangoni kwa uani kabla jua halijapanda, kazi imeisha. Alafu ghafla akawa anasema tuziache mpaka saa saba, na sisi tukadhani uvivu wa uzee jamani. Kumbe asubuhi vidole vilikuwa haviwezi kushika ile nusu ya nazi na kuizungusha kwenye meno ya mbuzi, ikifika mchana vimelegea anakuna vizuri tu. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshajieleza wenyewe, ulikosa wa kuusikiliza.

Na hapa ndo penye siri kubwa kuliko zote kwenye habari hii ya viungo, kwaiyo nitakaa hapa kidogo.

Kuna maumivu ya kusagika au kutumika sana, na kuna maumivu ya kiungo kuwaka kwa ndani kwa sababu kinga ya mwili imegeuka inakishambulia. Yanatofautiana kwa saa. Ya kusagika yanaongezeka ukitumia kiungo, yanapoa ukipumzika, jioni ndo mabaya, na asubuhi ukiamka unakaza dakika chache, haifiki nusu saa, ukitembea tembea unalegea. Ya kuwaka ni kinyume chake, ukipumzika ndo unaharibu, asubuhi unakaza kuanzia nusu saa kwenda juu, saa nzima, masaa mawili matatu, na ukianza kujishughulisha ndo unapata nafuu. Mtu wa kwanza anasema "nikifanya kazi naumia", wa pili anasema "nikikaa naumia". Jiulize wewe ni yupi.

Alafu angalia vipo wapi. Baridi yabisi, ile yenyewe, yaani ugonjwa wa kinga kushambulia viungo, inapenda viungo vidogo, vile vya mzizi wa vidole pale unapokunja ngumi, viungo vya katikati ya vidole, vifundo vya mikono, vidole vya miguu, na mara nyingi inapiga kulia na kushoto kwa pamoja. Kile kiungo cha mwisho karibu na kucha kwa kawaida inakiacha. Inawapata zaidi wanawake, na sio lazima uwe mzee, msichana wa miaka 25 anaweza kuipata. Kusagika kwenyewe kunapenda magoti, nyonga, pingili za mgongo, shina la dole gumba, na hivyo viungo vya karibu na kucha.

Mgongo nao una habari yake. Watu wengi mgongo unaumia kwa kazi, kubeba, kuinama, kukaa vibaya, na unapanda na kushuka. Lakini kijana wa chini ya miaka 40 au 45 ambaye mgongo wa chini na makalio vinamuamsha usiku wa manane mpaka ainuke atembee ndo apate nafuu, na imepita miezi mitatu, huyo asiambiwe ni kubeba magunia, kuna ugonjwa wa kinga unaokaza uti wa mgongo na unachelewa sana kugunduliwa kwa sababu kijana anaonekana mzima.

Mjomba yeye anauza samaki pale Deep Sea. Ilikuja usiku, kalala mzima, saa nane usiku akaamka anapiga kelele, dole gumba la mguu limeiva kama nyanya, hata shuka likiligusa analia. Mtaani ikasemwa kakanyaga kitu, katupiwa, akapelekwa mahali akachanjwa chale. Baada ya wiki ikaisha yenyewe, watu wakasema dawa imefanya kazi. Ikarudi baada ya miezi minne. Ikarudi tena. Sasa hiyo tabia ya kuja ghafla usiku, kiungo kimoja, mara nyingi dole gumba la mguu, inapamba moto siku chache alafu inaondoka kabisa kama haikuwepo, hiyo ni gauti, wazee wetu wanaita jongo. Asidi ya yuriki inazidi kwenye damu inaganda kama vichembe vya chumvi ndani ya kiungo. Maini na matumbo, nyama nyekundu nyingi, dagaa, bia, na soda na juisi zenye sukari nyingi vinaichochea. Na kwa mjomba kilichokuwa kinaongeza ni dawa yake ya presha, ile ya kumpunguza maji mwilini, aina zile zinapandisha asidi hiyo. Usiache dawa ya presha mwenyewe kwa kusoma hapa, mwambie daktari, zipo nyingine. Na kitu kingine cha kujua, ukipima asidi ya yuriki siku ile ile kiungo kimewaka inaweza kusoma sawa tu ukaambiwa huna gauti, rudia baada ya wiki mbili tatu mambo yakitulia. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuvuta maji ya kwenye kiungo na kuyaangalia kwa hadubini, sio kila mahali wanafanya.

Kuna jambo lingine linalowapoteza watu wengi, panapouma sio lazima ndo penye tatizo. Nyonga ikiharibika unaweza kuumwa goti tu, ukapigwa picha goti mara tatu goti zima. Shingo inabana mshipa wa fahamu unaumwa mkono. Mgongo wa chini unabana mshipa unawaka moto makalioni mpaka unyayoni. Sisi mafundi nguo na wanaoshika mkasi siku nzima, tunaamka usiku dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi vinachoma choma mpaka tukung'ute mkono, hapo mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono, ni mapito yake tu yamebana, na unaweza kuanza kwa kufunga kifundo kikae kimenyooka usiku kabla ya mambo mengine. Kwaiyo kwenye daftari chora mtu, hata kama hujui kuchora, tia alama panapoanzia na mshale unapoelekea.

Sasa angalia maisha yako kabla hujaangalia damu yako. Mi magoti yaliuma mbele, pale kwenye kifuniko, nikipanda ngazi na nikikaa muda mrefu, asubuhi sina shida, jioni ndo kazi. Tanga kila mtu ana baiskeli, mi naendesha kutoka Makorora mpaka Ngamiani kununua vitambaa na kurudi, na baiskeli ilikuwa ya kaka yangu wa mwisho, siti iko chini. Fundi baiskeli mmoja mzee ndo aliyeniambia, sio hospitali. Alinisimamishia baiskeli ukutani, akaniambia panda, weka kisigino kwenye pedeli, shusha mpaka chini kabisa, mguu wako umenyooka? Haukunyooka, ulikunjika sana. Akalegeza nati, akavuta siti juu mpaka kisigino kikiwa kwenye pedeli mguu unanyooka, alafu ukikanyaga kwa mbele ya wayo kama kawaida goti linabaki limekunjika kidogo tu. Kazi ya dakika tano. Sikupona siku hiyo, ilichukua kama wiki sita na mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, lakini nilipona. Mgongo nao nikabadilisha kigoda cha cherehani nikaweka kiti kirefu kidogo, na kila nikimaliza nguo moja nainuka nazunguka chumba.

Pitia vitu vyako namna hiyo hiyo. Godoro limebonyea katikati? Unabeba ndoo bega moja siku zote? Unafua umeinama kiuno badala ya kuinua beseni? Unaendesha bodaboda masaa kumi na mbili? Ulianza kazi gani mpya mwezi mmoja kabla maumivu hayajaanza? Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukibadilisha vitano kwa mpigo hutojua kipi kimekuponya.

Kama daftari linasema maumivu hayana uhusiano na kazi wala mkao, tafuta ndani ya mwili, na hapo kuna orodha ndefu kidogo, nitapita haraka. Ulipata homa kali na viungo miezi kadhaa nyuma? Chikungunya inaweza kuacha viungo vinauma kwa miezi, wengine hata mwaka na zaidi. Huu ugonjwa uliandikwa mara ya kwanza hapa hapa Tanzania, mlipuko wa 1952 kule uwanda wa Makonde, na jina ni la Kimakonde, linaeleza mtu alivyojikunja kwa maumivu. Unakunywa maziwa mabichi au unashika mifugo ikizaa, na una homa za kuja na kuondoka, jasho, mgongo na nyonga? Taja bruselosi kwa daktari, maana kama huitaji watu wengi hawaifikirii. Ndugu zangu wenye jamaa Handeni na Kilindi kwenye mifugo hili liwakae kichwani. Siko seli, inaumiza mifupa na inaweza kuharibu kichwa cha nyonga mtu akiwa bado kijana. Tezi ya thairoidi ikifanya kazi chini ya kiwango, misuli inauma, unachoka, unanenepa, ngozi kavu, choo kigumu, unasikia baridi wakati wenzako wanatoka jasho. Kisukari, bega linaganda huwezi kuinua mkono kuchana nywele. Viungo pamoja na vipele usoni vinavyokasirishwa na jua, vidonda mdomoni, nywele kukatika, hiyo inaweza kuwa lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga, usiichelewe kwa sababu inafika mpaka kwenye figo.

Vitamini D nayo, na najua utasema Tanga jua lote hili, lakini jua liko nje na sisi wengine tuko ndani siku nzima, na tukitoka tumejifunika, na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi kwenye jua kuitengeneza. Dalili zake ni mifupa kuuma ukiibonyeza mbele ya miguu, misuli ya mapaja na nyonga kukosa nguvu, kuinuka kutoka kwenye kigoda mpaka ujishike.

Na dawa unazomeza. Hili watu hawalifikirii. Dawa za kushusha mafuta mwilini, zile zinazoishia na "statini", zinaweza kuumiza misuli. Siprofloksasini, ile antibaiotiki, inaweza kuumiza kano, hasa ile ya nyuma ya kisigino, na zaidi kwa wenye umri mkubwa na wanaotumia steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe. Sasa nikwambie kilichompata mama. Kila alipokwenda sehemu fulani anasema mwili unauma, anachukuliwa damu, anaambiwa taifodi, anapewa siprofloksasini. Mara nne ndani ya mwaka mmoja. Kile kipimo cha Widal cha taifodi kinapima alama ambazo mwili ulizitengeneza hata zamani, kinaweza kusoma chanya na mtu hana taifodi sasa hivi, na mtu asiye na homa anayeumwa viungo miezi sita, taifodi inatoka wapi? Ukiambiwa mara mbili una taifodi na UTI na hali ni ile ile, simama. Uliza kwa adabu, "daktari, kama ndiyo, mbona nimemaliza dozi mbili na viungo viko pale pale?" Una haki ya kuuliza, na daktari mzuri hakasiriki.

Lingine linaloniuma moyo ni vile vidonge vya kuchanganya, vinauzwa kwenye karatasi bila jina, au unga wa "mitishamba ya viungo" ambao mtu anameza leo kesho anacheza ngoma. Dawa ya asili haifanyi hivo kwa siku moja. Mara nyingi nafuu ya namna hiyo inatoka kwenye steroidi iliyosagwa humo, deksamethasoni au prednisoloni. Uso unakuwa wa duara, sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inalegea, na ugonjwa wenyewe unajificha daktari asiuone. Na kama umeshatumia kwa miezi usikate ghafla, mwili umeshasahau kutengeneza ya kwake, nenda useme ukweli upunguziwe taratibu. Diklofenaki na ndugu zake nazo, kila siku miezi na miezi, zinatoboa tumbo na kuchosha figo, na mwenye presha au figo ndo asiziguse bila kuambiwa.

Siku ya kwenda hospitali. Anzia zahanati au kituo cha afya upewe rufaa, kwa Tanga mjini rufaa nyingi zinaishia Bombo, hospitali ya mkoa, na kwa maumivu ya aina ya mama muombe daktari wa magonjwa ya ndani, kwa magoti na nyonga zilizosagika daktari wa mifupa. Wataalamu wa baridi yabisi wenyewe ni wachache nchini, ikibidi utapelekwa hospitali kubwa kama Muhimbili kule Dar au KCMC kule Moshi. Beba daftari. Beba mfuko wa dawa ZOTE ulizomeza mwaka huu, pamoja na za mitishamba, pamoja na picha za zamani. Nenda asubuhi viungo vikiwa vimevimba, na siku mbili tatu kabla, kama unaweza kuvumilia na daktari hajakukataza, usimeze ya maumivu ili uvimbe uonekane. Ukishindwa piga picha kwa simu siku uvimbe ulipo, mi nilipiga mikono ya mama juu ya mkeka saa kumi na mbili asubuhi.

Yule daktari aliyempata mama alikuwa kijana tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Asubuhi mwili unakulegea saa ngapi?"

Nikamkabidhi daftari. Akasoma kurasa mbili kimya, akaomba mkono wa mama, akaubana kwa upole kwa pembeni pale kwenye mizizi ya vidole, kama mtu anayesalimia kwa nguvu kidogo. Mama akaruka. Akarudia mkono wa pili, akaruka tena. Ndo akasema tupime. Hicho kitendo cha kubana unaweza kukifanya hata nyumbani, ukisikia maumivu makali pale kwenye mstari wa konzi, mikono yote, na asubuhi unakaza muda mrefu, usikae.

Vipimo alivyoandika: FBP kuangalia damu, ESR na CRP zinazoonyesha kama kuna kuwaka mwilini, RF ya baridi yabisi, figo, ini, sukari, asidi ya yuriki, homa ya ini B, virusi vya UKIMWI, na eksirei ya mikono na kifua. Sio kila mtu anahitaji vyote, hapo ndo daftari linapookoa hela, maana bila maelezo unapimishwa kila kitu. Na usishtuke wala usifurahi kwa RF peke yake, kuna wagonjwa wa kweli ambao inasoma hasi na kuna wazima inasoma chanya, ipo nyingine inaitwa anti-CCP inayotegemewa zaidi lakini bei iko juu na haipatikani kila maabara. Eksirei ya goti omba upigwe umesimama, ukilala nafasi ya kwenye kiungo haionekani sawa. Na picha ya mgongo ikionyesha pingili zimesagika usikate tamaa, watu wengi wenye umri wanasagika na hawaumwi kitu, picha lazima ilingane na maumivu yako.

Je kama vyote viko safi? Hapo watu wanavunjika moyo, wanaambiwa "huna ugonjwa", wanarudi nyumbani na maumivu yao na aibu juu. Vipimo kuwa safi ni habari, maana yake kuna vitu vimefutwa. Ipo hali inaitwa faibromayalojia, mwili mzima unauma, usingizi hauburudishi, kichwa kina ukungu, na damu inasoma vizuri kwa sababu tatizo liko kwenye namna mishipa ya fahamu na ubongo zinavyopokea maumivu. Ni ya kweli. Inasaidiwa na usingizi wa mpangilio, mazoezi ya kupanda polepole, na dawa zake maalum. Andika pia usingizi na huzuni kwenye daftari, shangazi yangu mmoja alianza kuumwa mwili mwezi ule alipofiwa na mume, na alikuwa haoni aibu kusema mgongo, aliona aibu kusema hapati usingizi.

Kukandwa na hijama sizipingi, mama anakandwa mpaka leo na mafuta ya nazi ya uvuguvugu na anaburudika. Lakini kiungo kilichovimba na cha moto kisikandwe, na chale na hijama ziwe kwa wembe mpya mbele ya macho yako.

Mama majibu yalitoka ESR juu, RF chanya, eksirei imeanza kuonyesha mfupa kuliwa kidogo kwenye konzi mbili, na kilicholiwa hakirudi, ile miaka mitatu ya vidonge bila kujua chanzo ndo iliyoupa ugonjwa nafasi ya kula. Ni baridi yabisi. Alianzishiwa methotreksati, dawa ya kuituliza hiyo kinga, na foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara yake. Tuliambiwa isubiriwe wiki sita mpaka kumi na mbili ndo nafuu ije, na kweli ilikuwa wiki ya tisa. Damu na ini vinapimwa mara kwa mara. Mwanamke anayeweza kushika mimba aseme mapema kabla hajaanzishiwa, dawa hii inadhuru mtoto tumboni.

Na hiyo methotreksati inamezwa mara MOJA kwa wiki kwa ugonjwa huu, watu wamekufa kwa kuimeza kila siku wakidhani ni kama dawa nyingine. Kwaiyo mama tulichagua siku ambayo hawezi kuichanganya na nyingine, anameza Ijumaa akirudi kuswali, foliki asidi ni siku nyingine kama alivyoandikiwa, na juu ya boksi nimeandika kwa kalamu nene IJUMAA TU, alafu boksi nakaa nalo mimi.